Mishono Mitatu Tu

Cherehani si kitu cha kuonekana na watu. Ningejua mapema, ningeificha uvunguni kama watu wanavyoficha kitoweo wageni wakipiga hodi. Mimi nikaiweka barazani hapa Chikongola, Mtwara mjini, nikijidai nafuata upepo. Sasa kila apitaye anasimama, anaegemea nguzo yangu, anaikagua kuanzia kanyagio mpaka gurudumu, halafu anatoa lile neno: "Kumbe unashona! Nishonee na mimi kaforonya basi. Si mishono mitatu tu?"

Mishono mitatu. Sawa. Nyumba nayo ni kuta nne tu, kajenge.

Mimi sikuwa na nia ya ufundi, nilikuwa na hasira. Ukinunua shuka dukani, unapewa na foronya mbili. Mbili! Aliyepanga hesabu hiyo hajawahi kuwa na ndugu Newala. Kwangu kuna mito saba, na sisemi ya kumwaga maji Ruvuma, nasema ya kulalia. Msimu wa korosho ukichanganya, ndugu wanashuka kutoka Newala na Tandahimba, kila mmoja na begi lake na shida yake, na mito mitano inalala uchi. Mama watoto akaniambia wageni wanaona mabaka ya udenda wa mwaka juzi. Basi malipo ya korosho yalipoingia nikanunua cherehani ya mguu, imeshatumika, ili nishone foronya tano niishie hapo.

Hizo tano ndizo zilizoniponza. Mgeni mmoja akaondoka na moja kwenye begi. Kwa bahati mbaya, alisema. Wiki ya pili akanipigia simu kwamba mkewe kaipenda, anaomba mwenzake.

Jamani, niwaeleze kidogo, maana watu wanadhani kitambaa kinajikunja chenyewe. Mto wa kawaida wa dukani ni sentimita 50 kwa 75. Kipande unakikata urefu wa sentimita 175 hivi, maana unahesabu mbele, unahesabu nyuma, unahesabu na ule ulimi wa ndani unaozuia mto usichungulie nje usiku. Kitambaa cha upana wa 150, mita 2, kinatoa foronya mbili, halafu kinabaki kipande cha sentimita 40 na kitu, ambacho si foronya, si leso, si chochote, na kukitupa roho inauma. Ninavyo kumi na tisa. Mama watoto anaviita "mifugo yako".

Halafu bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Uzi wa bobini una roho ya kikatili. Hauishii mwanzoni ukauona. Unakuacha uje mbio, mguu umekolea, unaimba, umebakiza vidole vinne kufika pembeni, hapo ndipo unakwisha kimyakimya. Sindano inaendelea kupiga tu, tatatata. Ukigeuza nguo unakuta matundu yamejipanga vizuri, uzi wa juu umelala juu yake kama mgonjwa. Unang'oa, unaanza upya, na aliyeegemea nguzo anasema, "Pole, lakini si kamshono kamoja tu hako?"

Na malipo? Watu wa nje wanasema neno machinga limetoka kwetu kusini, kwamba biashara tumezaliwa nayo. Labda mimi nilizaliwa siku ya mapumziko. Sijawahi kumtoza mtu hata shilingi mia tano. Unamtozaje shemeji? Unamtozaje jirani aliyekukopesha pampu ya kupulizia mikorosho salfa? Nalipwa ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu. Mwezi uliopita nimelipwa ming'oko mara nne, mpaka watoto wakiona kikapu kinaingia wanauliza, "Baba, leo umeshona za nani?" Ming'oko ni mitamu, chumvi na pilipili, sikatai, lakini duka la uzi haliipokei. Mkulima wa korosho anajua kungoja: tangu stakabadhi ghalani ianze huku Mtwara mwaka 2007, unapeleka mzigo, unapewa karatasi, unasubiri mnada. Wateja wangu hata karatasi hawaachi. Wanaacha "nitakupitishia kitambaa". Sijaona kitambaa kikipita.

Wanaoleta kitambaa ndio wabaya zaidi. Mmoja kaniletea tetroni. Tetroni kwa joto la Mtwara ni sawa na kulalia mfuko wa rambo, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2019. Nikamwambia, leta pamba. Akasema pamba inarudi. Kweli inarudi, ndiyo maana inafuliwa kabla ya kukatwa, lakini nani ana muda wa kufua kitambaa cha mtu? Shemeji yangu alileta kitambaa chekundu, kinang'aa, cha bei ya kutupa. Sikukiloweka. Akalala nacho usiku wa joto, jasho likafanya kazi yake, asubuhi akaamka shavu zima limekolea nyekundu hadi sikioni. Dada wa watu hakuuliza kuhusu foronya. Aliuliza ni rangi ya mdomo ya nani. Kikao kilikaliwa, na mimi nikaitwa kama shahidi, na cherehani yangu nayo ikatajwa. (Neno foronya lenyewe ni la Wareno, kama meza, kama leso. Wamekuja na mizinga, wameondoka, wametuachia foronya. Mizinga ilikuwa na nafuu.)

Lakini yote hayo yalikuwa mazoezi. Mtihani ulikuwa Mikindani, kwa wakwe.

Mama mkwe wangu analalia mto wa sufi. Sufi ya msufi wake mwenyewe, ulio nyuma ya nyumba. Ameiokota yeye, ameichambua mbegu yeye, ameishindilia yeye. Mto wa sufi hauna saizi ya dukani. Una saizi ya hasira za aliyeushindilia siku hiyo. Nikataka kumshangaza kwa foronya mbili, yake na ya mzee. Sasa mkwe anapimaje mto wa mama mkwe? Chumbani kwake siingii, hata nyumba ikiungua nitaita nikiwa nje. Mama watoto ningemtuma, lakini siri kwake haivuki kizingiti. Nikamtuma kijana wangu wa darasa la pili, maana mjukuu kwa bibi yake hana mipaka. Nikampa kamba ya katani: funga fundo kwenye urefu, funga jingine kwenye upana, usiseme kitu.

Akarudi Jumapili jioni na kamba yenye mafundo manne.

"Hili la nini?"

"Urefu."

"Hili?"

"Upana."

"Na hili?"

"La mbuzi wa bibi."

"Na hili?"

Akalitazama sana. "Hilo nilikuta limejifunga."

Na hata lile la upana lilikuwa la uongo, ingawa si kosa lake. Aliilaza kamba juu ya mto. Mto mnono haupimwi kwa kulaza, unazungushiwa kamba kama ng'ombe, halafu unagawa kwa mbili. Unene unakula kitambaa. Hilo nilikuja kulijua baadaye, mto wa mama mkwe ulipogoma kuingia, ukabidi usukumwe kwa goti.

Kitambaa sikuwa nacho, ila nilikuwa na kanga moja mpya, upande wa pili wa doti mama watoto alishauchukua kubebea mtoto. Kanga ina urefu wa mita 1 na nusu hivi. Nikaona Mungu mkubwa: naikata katikati, kila nusu naikunja, napata foronya mbili za mito mifupi, pindo zuri linazunguka. Umeme ulikatika saa moja usiku. Nikashona kwa tochi ya simu niliyoibana kwa shingo, upande wa ndani ukiwa juu, kama inavyotakiwa. Nikapinda mdomo sentimita tatu tatu. Nikageuza, nikakunja, nikafunga kwenye gazeti. Jina la kanga sikulisoma. Nani anasoma kanga usiku wa giza akiwa amebana simu shingoni?

Jina la kanga lilikuwa HASIDI HANA SABABU.

Na jina la kanga, kama mjuavyo, linakaa katikati. Na mimi nilikata katikati. Mkasi ukapita baada ya HASIDI HA. Pindo la mdomo likaimeza ile HA. Kwa hiyo tulipofika Mikindani, tumekaa sebuleni, mzee ananiuliza habari za mikorosho, mama watoto akaingia chumbani akaivalisha mito, akaipanga kitandani pamoja, akafungua pazia ili watu wote waone kazi ya mkwe. Kijana wangu yuko darasa la pili. Watoto wa darasa la pili wanasoma kila kitu, wanasoma mabango, wanasoma mifuko ya sementi, na wanasoma kwa sauti.

"Ha-si-di," akasoma mto wa bibi.

Mzee akanyamaza.

Akahamia mto wa babu. "Na sa-ba-bu."

Nilitazama miguu yangu. Ninayo kandambili ya bluu, kamba ya kulia imeshonwa kwa uzi mweusi, nilishona mimi. Hakuna aliyecheka. Mama watoto alianza kukohoa kikohozi ambacho hajawahi kuwa nacho. Nikajaribu kueleza habari za sentimita, kwamba kanga ikigawanywa kwa mbili... nikaona kila neno ninaloongeza linazidi kunichimbia. Mama mkwe akainuka, akaenda mlangoni kwa chumba chake, akaitazama ile mito kwa muda. Akasema, "Ahsante, baba." Basi. Tukala pweza wa nazi kimya, tukapanda daladala kimya.

Siku tatu sikulala vizuri, na sikulala vizuri pia kwa sababu nyingine: mto wangu mimi hauna foronya. Mganga hajigangi. Nauviringishia fulana ya kampeni za zamani, na mgombea ananitazama usiku kucha.

Siku ya nne simu ikaja kwa mama watoto. Nikamwona anasikiliza, anasema "eeh mama," anasema "nitamwambia." Akakata. Mimi moyo uko kooni.

"Mama anasema foronya yake inabana."

"Nitaipanua."

"Anasema iache hivyohivyo. Anataka umshonee nyingine, upande ule ule wa HASIDI, maandishi yaonekane vizuri. Ana jirani yake wa kumpelekea zawadi."

Kitambaa hakusema ataleta nani.

"Kasema si kazi," mama watoto akaongeza. "Ni mishono mitatu tu."