Jina la shangazi kwenye laini ya tapeli

Shangazi yangu hajawahi kutapeliwa hata shilingi. Anauza dagaa sokoni Morogoro, anatumia kitochi, na ile meseji ya "hela itume kwenye namba hii" ikimfikia huisoma kwa sauti ili wenzake wa mezani wacheke. Kwa hiyo siku alipopigiwa na mwanamume asiyemjua, akatakiwa arudishe laki moja na themanini aliyoiba, akajua ni mtindo mpya wa matapeli. Akakata simu.

Kumbe yule bwana alikuwa na haki ya kukasirika. Yuko Mbeya, siku hiyo alikuwa ametoka kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu kodi, na saa moja baadaye ikaingia meseji: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Akaandika namba, akaandika kiasi, na kweli jina likaja kama lilivyoandikwa. Akaweka namba ya siri. Lilikuwa jina la shangazi yangu, la kwanza hadi la ukoo.

Alipoligundua kosa, kitu pekee alichobaki nacho mkononi ni hilo jina, na akalitumia. Akalirusha kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno "mwizi huyu hapa". Jina la ukoo wetu si la kawaida. Siku ya tatu ujumbe ulikuwa umefika kwenye grupu la ukoo lenyewe, na ndugu mmoja, kwa wema tu, akatoa namba ya shangazi.

Nilikuwa nyumbani wikiendi hiyo. Nikachukua kitochi chake, nikapiga *106#, nikafuata maelekezo hadi pale panapoonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Shangazi ana laini moja tangu nikiwa sekondari. Zilikuja tatu.

Ilituchukua jioni nzima kukumbuka. Mwaka uliotangulia laini yake iliharibika, akaenda kuirudisha kwa kijana wa mwavuli, wakala wa kusajili laini, pale stendi. Vidole vya shangazi vimeliwa na chumvi ya dagaa kwa miaka. Hata siku ya kuandikishwa NIDA mashine ilisumbuka navyo. Kijana akamwambia, "Mama, haijasoma, weka tena." Akaweka. "Haijasoma, jaribu kingine." Akaweka. Kijana akamfuta dole gumba kwa pindo la shati lake mwenyewe, kwa heshima zote, akamwomba arudie. Mara tano, anakumbuka. Na kwa usumbufu ule akapewa MB za bure, kwenye kitochi!

Sasa niambie, hapo shangazi alikosea wapi? Hakumpa mtu namba ya siri. Hakubonyeza kiungo chochote. Hakuwa na tamaa, na hili neno "tamaa" ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu kila akiibiwa mtu tunalitoa haraka kama dawa ya kikohozi. Mwaka 2019, usajili wa alama za vidole ulipoanza mwezi Mei, tulipanga foleni. Muda ukasogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20, 2020, tukapanga tena. Tuliambiwa laini ikiwa na mwenyewe, tapeli hatakuwa na pa kujificha. Akaona ajifiche ndani ya jina la shangazi.

Maoni yangu ni kwamba mafundisho yetu yote ya kujilinda yanalinda hela, na hela ndiyo rahisi kulinda. Jina tunaligawa. Kijana wa mwavuli analipwa kwa idadi ya laini anazosajili, na yuko mwenye kumlipa zaidi kwa laini ambayo mwenyewe hajui kuwa ni yake. Mtu wa Mbeya anaibiwa mara moja. Shangazi, ambaye hajapoteza senti, ndiye anayetakiwa kueleza kituoni.

Na si mwavuli peke yake. Nenda duka lolote la steshenari ukatoe kopi ya kitambulisho: ile iliyotoka imefifia inabaki pale kwenye kapu, wewe unaondoka na nzuri. Mwezi wa pili nilinunua karanga zimefungwa kwenye nusu ya fomu ya maombi ya mkopo, ina picha ya dada wa watu, namba ya NIDA, na sahihi. Karanga zilikuwa tamu, lakini ile karatasi sikuweza kuitupa barabarani. Nilienda nayo nyumbani nikaichoma. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake, ila sidhani kama muuza karanga amewahi kuisikia, wala yule aliyeuza makaratasi kwa kilo.

Tena angalia ile namba ya NIDA yenyewe. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Halafu jiulize namba yako ya siri ya simu ni ipi. Najua watu wanne wa karibu yangu ambao ni mwaka wao wa kuzaliwa, na mmoja ni mimi, hadi Machi mwaka huu. Aliye na kopi yako ana namba ya siri, imeandikwa mbele kabisa. Kama utabadilisha kitu kimoja leo, badilisha hicho, na mwaka wa mtoto usiuweke pia.

Mengine ninayoyafanya sasa ni machache. *106# kila tarehe mosi, kwangu na kwa shangazi. Kusajili au kurudisha laini ni dukani kwa mtandao wenyewe, hata kama foleni inakera, na kidole kikigoma mara ya pili naomba nione kilichoandikwa kwenye kioo. Kopi yoyote ya kitambulisho naichora mistari miwili katikati na kuandika imetolewa kwa nani na kwa kazi gani. Meseji za "tuma kwenye namba hii" sizifuti tena kwa kucheka, nazipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, kwa sababu namba ile huenda ina jina la shangazi wa mtu. Anayenipigia akidai ni huduma kwa wateja na namba yake si 100, namkatia. Na simu ikipoteza mtandao ghafla wakati wa jirani upo, usiizime na kuiwasha mara kumi kama nilivyokuwa nikifanya. Azima simu, piga 100, uliza kama kuna mtu amerudisha laini yako.

Kwenye programu za mikopo sina la kuongeza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na yeyote aliyewahi kusingiziwa kwa bosi wake, kwa mchungaji na kwa mkwe kwa siku moja anajua zilichokuwa zinachukua, yaani namba zote zilizomo kwenye simu yako, kabla hata ya kutoa elfu ishirini.

Kwa shangazi tulienda dukani kwa mtandao husika, sitautaja. Dada wa kaunta alikuwa mwema, akatuuliza kama tuna uhakika hatuzitambui zile namba, kwa sababu "mfumo unaonyesha mama aliweka kidole". Shangazi akamnyooshea mikono yote miwili juu ya kaunta, viganja juu, akamwambia, "Vichague mwenyewe, mwanangu, uone kama kuna kinachosoma." Tukajaza fomu, tukaenda polisi kuchukua RB, namba ya taarifa yetu, tukaipiga picha na kumtumia yule bwana wa Mbeya. Akaomba radhi kwa simu, kwa muda mrefu, mpaka shangazi akaanza kumpa pole yeye. Kwenye magrupu hakuandika kitu.

Laini moja ilifungwa siku ile ile. Ya pili, tarehe mosi ya mwezi huu nilipopiga *106#, bado ipo.