Sikuwa Uchi: Maelezo Rasmi Kuhusu Usiku wa Sota

Kwa kuwa mwalimu mwenzangu ameshasambaza sauti yake ndefu kwamba nilikutwa nje usiku nikiwa uchi, katika makundi ya WhatsApp, likiwemo la wazazi wa wanafunzi wetu, nalazimika kueleza kilichotokea hapa Uyole, Mbeya, kabla simulizi yake haijawafikia wakwe zangu. Naanza na lililo muhimu: sikuwa uchi. Nilikuwa nimevaa bukta, na juu yake nimejitanda shuka jeupe kuanzia kichwani, na yeyote anayeijua Uyole mwezi Julai, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, hataniuliza kwa nini.

Chanzo ni kabichi. Nilinunua mbegu sokoni Mwanjelwa, nikatengeneza kitalu kando ya uzio, nikachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, nikasia kwa mistari katika kina kisichozidi sentimita 1, nikafunika kwa nyasi kavu, kisha nikawa namwagilia kwa adabu ambayo mke wangu anasema yeye hajawahi kuonyeshwa. Mbegu zilipoota niliondoa nyasi na kupiga picha nyingi, na ninyi mliozisifia picha zile mnajijua. Halafu asubuhi moja nikakuta miche imelala chini, imekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe, na mkataji hayupo.

Muuza pembejeo hakushangaa hata kidogo. Alisema huyo ni sota, kiwavi anayejificha ardhini mchana na kutoka usiku kula, na kwamba kwa kitalu kidogo kama changu hakuna haja ya dawa: nitoke usiku na tochi, nifukue taratibu kuzunguka mche uliokatwa, nimwokote kwa mkono, kisha nizungushie majivu miche iliyobaki. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Jambo moja tu hakulitaja, nalo ni jinsi kazi hiyo inavyoonekana kutoka upande wa pili wa uzio.

Sasa tazameni. Ni saa nane usiku. Nimechuchumaa peku, maana kandambili zingekanyaga miche. Simu nimeichomeka kwenye mpira wa bukta, tochi yake inawaka ndani ya shuka, hivyo kwa mtu aliye mbali ni shuka lenyewe linalowaka. Kushoto nina kopo la sota. Kulia nina majivu, nayanyunyiza polepole, mche kwa mche, nikiufuata uzio. Nikampata mmoja mnene, wa rangi ya udongo, akajikunja duara kiganjani mwangu. Nilimsogeza karibu na uso, nikamwambia kwa sauti ya chini, lakini kwa dhati:

"Nimekuona. Mmekula vya kutosha. Usiku huu nawamaliza ukoo mzima."

Ng'ambo ya uzio ndoo ikaanguka.

Alikuwa bibi jirani, ametoka chooni, na nadhani alikuwa amesimama pale kwa muda. Nilinyanyua kichwa. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Mtu mwenye akili timamu angejitambulisha, au walau angevua shuka, lakini mimi malezi yangu ndiyo yaliyotangulia: nikasimama wima, ninawaka, nikanyoosha mkono uliojaa majivu, nikasema, "Shikamoo, bibi."

Marahaba haikuja. Bibi alivuta pumzi, na ile pumzi ilikuwa ndefu, nikapata nafasi ya kumwona akijaza kifua na kuelewa kinachofuata, nisiweze kufanya lolote isipokuwa kurudia shikamoo kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani pengine hakunisikia. Kisha akapiga yowe. Neno la kwanza lilikuwa "Mchawi!" Yaliyofuata yalikuwa ya Kisafwa, na sitayaandika hapa.

Vijana wa ulinzi shirikishi walifika na virungu, mwenyekiti wa mtaa akaja na koti juu ya nguo za kulalia, na mke wangu akathibitisha kwamba ananifahamu, ingawa alifikiri kidogo kwanza. Nilifungua kopo kama ushahidi, lakini watu waliotoka mbio huwezi kuituliza mioyo yao kwa kuwaonyesha viwavi hai. Aliyeniokoa ni kijana mmoja mkulima wa viazi, aliyechungulia koponi na kusema, "Hawa si sota?" Mwenzangu wa sauti ndefu alikuwepo muda wote, na hakufungua mdomo hadi alipofika kwake.

Kuhusu kabichi, msiniulize. Ule umati ulisimama juu ya kitalu na mabuti, na kazi ambayo sota walikuwa wanaifanya kwa awamu ikakamilika usiku huohuo.

Jana bibi alimtuma mjukuu wake aniambie kwamba ana miche ya chainizi iliyozidi, na kwamba nikaichukue mwenyewe, mchana, nipitie mlango wa mbele, na nibishe hodi kwanza.