Nani aidhinishe mpango wa watoto wenye vipawa?

Kwenye ua wa akademi moja ya Eastlands, Nairobi, ambayo sitaitaja, palitundikwa bango: "Tuna mpango maalumu wa watoto wenye vipawa." Dada yangu alilisoma akiwa ndani ya matatu, akashuka kituo kilichofuata. Mwanawe wa Gredi ya Nne alikuwa ameanza kumshinda: hesabu anazimaliza mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni, halafu kazi yake ni kuchokoza wenzake. Dada akalipa karo ya muhula, na juu yake ada ya huo mpango. Mpango wenyewe ulikuwa kompyuta sita na vitabu vya mazoezi vya gredi ileile, ila yeye alipewa viwili wengine wakipewa kimoja. Nilipouliza ni nani aliyewaidhinisha, nilioneshwa cheti cha usajili wa shule, kimetiwa fremu safi na kuning'inizwa juu ya kiti cha msimamizi.

Cheti kilikuwa halali. Ila hakikusema lolote kuhusu vipawa.

Hapo ndipo penye pengo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inawahesabu wanafunzi wenye vipawa na talanta miongoni mwa wenye mahitaji maalumu. Kifungu cha 44 kinawataja pamoja na wasioona, wasiosikia na wenye ulemavu wa viungo. Sera ya elimu maalumu ya 2009 nayo iliwataja. Iliyofuata, ya 2018, hata jina lake linazungumzia wanafunzi wenye ulemavu tu, na yule anayekimbia mbele ya darasa akabaki na sheria isiyo na sera ya kuisukuma. Kwa hiyo mwenye shule hupitia njia ileile ya shule yoyote: Bodi ya Elimu ya Kaunti, maafisa wa ubora, ripoti ya afisa wa afya ya umma, hati ya ardhi au mkataba wa kukodi, walimu wenye nambari za Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Afisa akifika huhesabu matundu ya vyoo na kutazama upana wa madirisha. Sividharau vyoo, maana nilisoma shule iliyokuwa na viwili. Lakini ukaguzi wa namna hiyo haukuundwa kuuliza mtoto alitambuliwaje, wala anafundishwa nini ambacho jirani yake wa dawati hafundishwi.

Wanaodai kibali maalumu wana hoja nzito. Katika mji huu neno "kipawa" linauzika kama maji ya chupa. Mtihani wa kuingilia hutungwa na shule yenyewe, husahihishwa na shule yenyewe, na anayefaulu mara nyingi ni yule aliyelipiwa tuisheni tangu chekechea. Anayeng'aa katika mtaa wa mabanda wa Mukuru bila kitabu nyumbani hata hafiki mlangoni. Kibali kingemlazimisha mwenye shule kuonesha tathmini iliyofanywa na watu wengine. Na wapo: vituo vya tathmini ya kielimu vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na KISE, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoko Kasarani, imekuwa ikifunza walimu wa elimu maalumu tangu 1986. Kazi yao kubwa ni watoto wenye ulemavu, na mlolongo wao haupungui. Lakini ujuzi wa kumsoma mtoto mmoja mmoja uko huko, hauko kwa mchapishaji wa mabango.

Upande wa pili nao si wa kupuuza. Ongeza fomu moja na shule zitakazoijaza kwanza ni zile zenye uwanja wa kuogelea. Tumeionja hali hiyo kwenye sekondari pevu: mikondo ya masomo ilipogawanywa kwa ajili ya Gredi ya 10, mkondo wa Sanaa na Michezo ulihitaji vifaa ambavyo shule nyingi za kutwa hazina. Vifaa vikageuka lango. Sasa fikiria shule za jamii za Mathare, zilizojengwa kwa mabati juu ya ardhi isiyo na hati. Kwa ajili yao wizara ililazimika kutoa miongozo ya pembeni, ile ya elimu mbadala iitwayo APBET, kwa sababu masharti ya kawaida ya ardhi yangezifunga zote. Kibali cha vipawa kikidai maabara, kitakuwa kimeamua ni mitaa ipi huzaa watoto werevu.

Kuna wanaoniambia tuige International Baccalaureate (IB), mfumo wa elimu wa kimataifa unaofundishwa katika shule kadhaa za hapa Nairobi. Kwanza, IB si mpango wa vipawa, hata kama wazazi huiongelea hivyo kwenye sherehe za kuzaliwa. Ila utaratibu wake una jambo la kuazima: shule huanza kama mgombea, hushauriwa, hutembelewa, ndipo iidhinishwe, na baadaye hutathminiwa kila miaka 5. Kibali chake hakiachiwi kuning'inia ukutani kikazeeka bila kuulizwa.

Mimi naegemea kibali, lakini kisiwe cha majengo. Kiulize mambo mawili, mwalimu aliyefunzwa na mtoto aliyetathminiwa na mtu wa nje, na kiwe na tarehe ya kwisha. Shule ya mabati yenye hayo mawili ipewe. Yenye uwanja wa kuogelea isiyo nayo ikose.

Naiona pia kasoro ya pendekezo langu. Mpwa wangu alirudi shule yake ya zamani ya umma, darasa la watoto 60. Mwalimu wake, asiye na cheti chochote cha vipawa, humwandikia maswali ya Gredi ya Sita nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, kisha humkalisha karibu na dirisha asaidie wawili waliokwama kwenye kugawanya. Kwa kipimo changu mwenyewe shule hiyo ingenyimwa kibali, na pengine yeye angekuwa wa kwanza kupelekwa mafunzoni. Angerudi na cheti, shule ingepewa kibali, halafu TSC ingemhamisha muhula unaofuata, na mpango mzima ungeondoka naye ndani ya mkoba.