Msimu wa kwanza wa Deep Space Nine si wa kurukwa

Mtu akiuliza aanzie wapi kuitazama Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya Marekani ya kubuni ya kisayansi, mashabiki wengi humpa jibu moja: uvumilie msimu wa kwanza, au uuruke kabisa, maana utamu unaanza wa tatu au wa nne. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, tena na watu wanaoipenda tamthilia hii kwa dhati. Hoja zao zipo na zina uzito. Lakini naamini wanamnyima mgeni kitu ambacho misimu ya baadaye, pamoja na ukubwa na umahiri wake, haikukishika tena kwa namna ile.

Tuanze na hoja zao. Deep Space Nine ilianza kuonyeshwa Januari 1993 ikiwa imechipuka kutoka The Next Generation, tamthilia nyingine ya Star Trek inayofuata chombo cha Kapteni Picard, ambayo wakati huo ilikuwa katika msimu wake wa sita na bado inapendwa sana. Waasisi wake, Rick Berman na Michael Piller, walichukua hatua ya ujasiri: badala ya chombo kinachokwenda sayari mpya kila wiki, waliweka wahusika wao kwenye kituo cha anga kilichochakaa, kando ya sayari iliyotoka kupata uhuru. Kisha, kwa kile ninachokiona kuwa woga wa kupoteza watazamaji, wakaanza kuazima. Katika sehemu chache za mwanzo wanakuja dada wawili wa Kiklingoni, Lursa na B'Etor, tuliowafahamu kutoka kule. Anakuja Q, yule kiumbe mwenye uwezo usio na mipaka. Anakuja Lwaxana Troi, mama wa mmoja wa maofisa wa Picard. Kila mgeni wa namna hiyo anatukumbusha kwamba kuna tamthilia nyingine iliyo imara zaidi, na wenyeji wa kituo wanabaki wamesimama pembeni ya hadithi yao wenyewe.

Wahusika nao walikuwa hawajaiva. Jadzia Dax, ofisa wa sayansi anayebeba mwilini kiumbe kilichoishi maisha mengi kabla yake, katika msimu huu ni mtulivu kupita kiasi, kama kwamba waandishi walijua ana karne kadhaa za kumbukumbu ndani yake lakini hawakujua azitumie vipi. Daktari Bashir anachosha kwa kujisifu na kumfuatafuata Dax. (Aliyemwigiza ni mzaliwa wa Sudan, anayejulikana leo kama Alexander Siddig; miaka ile jina lake kwenye skrini lilikuwa Siddig El Fadil, na kumwona daktari kijana mwenye jina la Kiarabu kwenye tamthilia ya Marekani ya wakati ule lilikuwa jambo kubwa hata kama mhusika mwenyewe alikuwa bado anakera.) Halafu kuna Move Along Home, sehemu ambayo maofisa wazima wanarukaruka kwenye miraba huku wakiimba wimbo wa watoto ili watoke ndani ya mchezo. Siitetei.

Hoja nzito kuliko zote wanaoulaumu msimu huu hawaitumii mara kwa mara, nayo ni ya hesabu. Msimu una sehemu 20, ukihesabu ile ya ufunguzi, Emissary, kuwa mbili. Zile ambazo Bajor, ile sayari iliyotoka kwenye ukaliaji wa mabavu, ndiyo kiini cha hadithi, mimi nazipata 8. Mtu mkarimu ataongeza moja au mbili ambazo Bajor inapita kwa mbali. Hata hivyo, angalau nusu ya msimu, tamthilia iliyoahidi kukaa mahali pamoja inatafuta visingizio vya kuondoka: mfungwa anayehama mwili, ndoto zinazogeuka watu, wageni wa kila aina wanaoingia kupitia ule mlango wa anga uliogunduliwa mwanzoni. Nyingi kati ya hadithi hizo zingeweza kuhamishiwa chombo cha Picard bila kubadilisha zaidi ya majina.

Lakini tazama zile 8 zimegawanyika vipi. Mbili ni ufunguzi. Mbili ni za kufunga, zikifuatana: Duet na In the Hands of the Prophets. Katikati kuna Past Prologue, Battle Lines, The Storyteller na Progress. Ukiiacha The Storyteller, ambayo ni nyepesi, zinazobaki zinauliza jambo moja, kila moja kwa upande wake: watu waliopigana miaka yote wafukuze mkoloni, wanafanya nini akishaondoka? Sijui tamthilia nyingine ya kubuni ya kisayansi ya Marekani ya miaka ile iliyolikalia swali hilo kwa uzito huu.

Angalia mazingira yenyewe. Kituo kile kilijengwa na Wacardassia, wale waliokuwa wameikalia Bajor, kwa kazi ya shuruti ya Wabajor, na walipoondoka walikipora. Shirikisho, yaani muungano wa sayari ambao Dunia imo, linakuja kama msaidizi, limealikwa na serikali ya mpito ambayo haina hakika kama inataka msaada huo. Benjamin Sisko, kamanda wa Shirikisho, anakaa kwenye ofisi ileile aliyokuwa akikaa mtawala wa Kicardassia. Msaidizi wake, Meja Kira Nerys, alikuwa mpiganaji wa msituni tangu utotoni, na siku ya kwanza hafichi kwamba hataki kuwaona wageni hawa. Gene Roddenberry, mwasisi wa Star Trek, aliyefariki Oktoba 1991, alikuwa ameweka kanuni kwamba maofisa wa Starfleet, kikosi cha anga cha Shirikisho, wasigombane wao kwa wao, na waandishi wengi walilalamika kwamba kanuni hiyo iliwafunga mikono. Deep Space Nine ilipata njia: nusu ya watu wa kituo hawakuwa wa Starfleet. Kira hakuwa na sababu ya kumpendeza mtu.

Katika Past Prologue anafika mwenzake wa zamani wa mapambano, Tahna Los, ambaye kwake vita havijaisha. Anataka kuulipua ule mlango wa anga ili mataifa makubwa yasiwe na sababu tena ya kuing'ang'ania Bajor. Ukimsikiliza, hoja yake ina mantiki, na Kira anajua hivyo. Kira anamzuia, naye Tahna anamwita msaliti, na tamthilia haimtafutii Kira maneno ya kujifariji.

Progress inakwenda mbali zaidi. Serikali ya Bajor inataka nishati kutoka kwenye kiini cha mwezi mmoja, nishati ya kupasha joto nyumba za watu wengi wakati wa baridi, na kazi hiyo itaufanya mwezi huo usikalike. Wakazi wamehamishwa. Mzee mmoja mkulima, Mullibok, aliyewahi kuwatoroka Wacardassia na kujenga maisha yake pale kwa mikono yake, anakataa. Anayetumwa kumwondoa ni Kira. Anakaa naye, anamsaidia kujenga tanuri lake, anampenda kama baba. Mwishowe analivunja tanuri lilelile na kukichoma kibanda, huku mzee akitazama. Serikali ni yake sasa, mradi una faida ya kweli, na yule anayevunjiwa ni mtu wa aina ileile aliyompigania. Mtazamaji yeyote aliyeishi kwenye nchi iliyopata uhuru halafu ikaanza miradi mikubwa hahitaji kuelezwa hapo pana nini.

Kisha Duet. Ilitengenezwa kwa gharama ndogo kwa makusudi, kwa sababu fedha za msimu zilikuwa zinaelekea ukingoni: vyumba vilevile, hakuna vita vya vyombo, sehemu kubwa ni watu wawili wanazungumza kwenye mahabusu. Mcardassia anafika kituoni akiwa na ugonjwa ambao ungeweza kumpata tu mtu aliyekuwepo kwenye kambi ya mateso ya Gallitep. Kira anataka ashtakiwe kama mhalifu wa kivita. Yeye anakana, halafu anajitangaza kuwa ndiye Gul Darhe'el, mkuu wa kambi, na anajivunia mauaji yake mbele ya Kira hadi mwili unasisimka. Baadaye inagundulika kwamba Darhe'el amekwisha kufa, na huyu ni Marritza, karani wa kambi, aliyekuwa akiziba masikio usiku asisikie vilio. Amejibadilisha sura ili ashtakiwe kwa niaba ya nchi yake, Cardassia ilazimike kukiri. Harris Yulin, kama Marritza, na Nana Visitor, kama Kira, wanaigiza sehemu hii kwa namna inayonifanya nishindwe kuelewa mtu anayesema msimu huu urukwe.

Duet ilirushwa Juni 1993. Wiki chache kabla, tarehe 25 Mei, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 827 la kuunda mahakama ya uhalifu uliotendeka katika Yugoslavia ya zamani. Mwaka uliofuata ikaundwa ya Rwanda, iliyoketi Arusha. Skripti haikuzihusu mahakama hizo. Hata hivyo swali la nani awajibike, aliyetoa amri au pia aliyeandika majina kwenye daftari akanyamaza, lilikuwa swali la miaka ile, na hapa limewekwa kwenye saa ya burudani bila kurahisishwa. Kira anamwachia Marritza aende. Mbajor mmoja anamchoma kisu kwa sababu tu ni Mcardassia.

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaosema kituo kisichosafiri ni udhaifu. Chombo cha Picard kingekuwa kimeondoka kesho yake. Kira anaamka mahali palepale, anapita kwenye ukumbi uleule wa maduka alipouawa yule karani, na wiki inayofuata, katika In the Hands of the Prophets, anakuta watu wake mwenyewe wanaipiga vita shule ya kituo kwa sababu mwalimu anafundisha kwamba Manabii, wanaowaabudu kama miungu, ni viumbe wanaoishi ndani ya mlango wa anga. Shule inalipuliwa. Sisko anapomsikia mwanawe akiidharau imani hiyo, anamkatiza: kwa nusu karne imani ndiyo iliyowabakiza watu hawa hai. Ni mwanamume mweusi, mjane, anamlea mtoto peke yake na kumfundisha heshima kwa watu asiokubaliana nao. Avery Brooks analifanya hilo kwa upole ambao ni nadra kuuona kwenye tamthilia za aina hii, za wakati ule na za sasa.

Wanaosifu misimu ya baadaye hawakosei. Chombo cha Defiant kilipoletwa mwanzoni mwa msimu wa tatu, na baadaye vita dhidi ya Dominion, dola adui kutoka upande wa pili wa mlango wa anga, vilizaa hadithi kubwa zilizoifanya tamthilia hii iheshimiwe hadi mwisho wake mwaka 1999. Ila vita vile vilikuwa vya galaksi nzima. Bajor ilirudi mara kwa mara, lakini aghalabu kama uwanja wa pambano la Manabii na maadui wao, na swali la serikali changa, wapiganaji wa zamani, wakulima wanaohamishwa na makarani wenye hatia likapungua nafasi. Waandishi walipata ujasiri, na ujasiri huo ukawapeleka kwingine.

Anayeanza leo, basi, aanze na Emissary. Akibanwa na muda aache Move Along Home, If Wishes Were Horses, The Passenger na Q-Less, hatapotea. Past Prologue, Progress na zile mbili za mwisho asizikose, na Duet asiitazame kabla ya Progress, maana Kira anayeingia kwenye chumba kile cha mahabusu ni yule aliyekwisha kuchoma kibanda cha mzee.