Mgonjwa wa moyo apimwe kumbukumbu pia?

Aliyepata shambulio la moyo, akiingia kwenye huduma za utengamao, yaani za kumrejesha katika hali nzuri, hufundishwa mengi kwa mkupuo: dawa kadhaa kwa saa tofauti, chumvi kidogo, mazoezi ya kiwango fulani, dalili za hatari. Yote yanahitaji kumbukumbu na umakini. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Moyo ukisukuma damu kwa udhaifu, au mapigo yakivurugika na kurusha mabonge ya damu, ubongo nao huumia.

Wanaotaka kila mgonjwa apimwe uwezo wa kufikiri wana hoja nzito. Kipimo cha MoCA, cha maswali ya kumbukumbu na umakini, chenye alama 30, huchukua kama dakika 10. Bila kipimo, anayeruka dawa huitwa mkaidi, kumbe maelezo hayakumkaa. Hata dodoso la ubora wa maisha hudai kumbukumbu: mtu anaweza kujibu kwamba anajimudu vizuri, ilhali ni mkewe anayempangia kila kidonge.

Wanaosita nao wasipuuzwe. Alama hufuata elimu; MoCA yenyewe humwongezea alama moja aliyesoma miaka 12 au pungufu. Usingizi mbovu na sonona huzishusha pia. Kubwa zaidi ni wakati wa kupima. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001, kuhusu waliofanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, ulikuta asilimia 53 wameshuka kiakili walipotoka hospitalini. Baada ya miezi sita walibaki asilimia 24. Ukimpima mtu wiki ya kwanza, waweza kumbandika jina la ugonjwa unaojiondokea, na hofu hiyo peke yake inatosha kumharibia maisha.

Ila utafiti huohuo haukuishia hapo: baada ya miaka mitano walioshuka walikuwa asilimia 42. Tafiti za baadaye zilizowalinganisha waliopasuliwa na wagonjwa wa moyo wasiopasuliwa zilielekeza lawama kwenye ugonjwa wa mishipa wenyewe kuliko kisu. Hapo ndipo ninapoegemea upande wa kupima, lakini baada ya wiki za mwanzo, na kwa kurudia. Alama ndogo isimfungie mtu mlango wa mazoezi, maana yanamfaa moyo wake vilevile. Ibadilishe ufundishaji: maelezo mafupi, yaliyoandikwa, yarudiwe, na anayemuuguza aketi darasani pamoja naye. Kituo kisicho tayari kufanya hayo kisianze kupima.