Siku Babu Alipolipuka Tanurini

Mwisho wa mwaka, chuoni kwetu kila mwanafunzi wa sanaa huchagua kazi zake tatu anazozipenda, huzipanga ukumbini, kisha husimama kando yake kuzieleza kwa walimu na wageni. Mbili hazikunisumbua. Ya kwanza ni mchoro wa soko la samaki kwa mkaa niliouchoma mwenyewe: vijiti vya mpera ndani ya kopo la maziwa, kifuniko kitobolewe tundu moja la msumari, kopo likae jikoni mpaka moshi ukatike. Ya pili ni chapa ya muuza maji, niliyoichonga kwenye lino, ile aina ya zulia laini la sakafu. Hapo nilisahau kwamba unachochonga hutoka kinyume ukikigandamiza kwenye karatasi, kwa hiyo ndoo yake imeandikwa IJAM. Watu wawili wameshaniuliza hiyo ni kampuni ya nini.

Ya tatu ilikuwa kichwa cha Babu.

Babu alikubali kukaa kwa masharti mawili: soda kila kikao, na kofia haivuliwi. Vikao vilikuwa tisa. Nilikaa kushoto kwake, maana upande wa kulia ni kupoteza maneno. Kila soda ilipoisha alisinzia, ndiyo maana nilimfinyanga macho yamefumba. "Mchumba," aliniambia siku ya mwisho, "usinipunguze pua."

Udongo ulikuwa kilo 14, wa mfinyanzi, mwekundu. Kwa kila mafungu manne ya udongo niliweka fungu moja la vigae vilivyopondwa na kuchekechwa. Vigae hivyo huufanya udongo upumue, na unapokauka usisinyae sana wala kupasuka. Nikaukanda, nikaujenga juu ya kijiti kilichofungwa magazeti. Masikio niliyafinyanga pembeni, membamba, kama milimita nane, kisha nikayabandika: unakwaruza pande zote mbili kwa uma, unapaka uji wa udongo, unagandamiza huku ukitikisa kidogo mpaka uji utokeze pembeni.

Kofia ndiyo niliyojivunia. Ile ya Babu imedariziwa vitundu, nami nikavitoboa kimoja kimoja kwa kijiti cha meno. Siku mbili nzima. Mwalimu akapita, akaigonga kwa kucha, akasema: "Kata juu kwa waya, ifunue kama kifuniko cha sufuria, kwangua ndani ibaki unene wa kidole, kisha uirudishe."

Niliitazama ile darizi. Roho ikaniuma. Nikaamua kukwangua kwa kupitia shingoni, kwa kijiko cha supu. Mashavu nikayafikia, paji la uso nikalifikia, lakini kofia mkono haukufika. Ikabaki donge la sentimita sita. Nikajisemea, nani ataona?

Tanuri halihitaji macho. Wengi husema kinacholipua udongo ni hewa iliyonaswa ndani. Si hewa, ni maji. Hewa peke yake hupanuka kidogo tu, lakini maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kama mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na yakiwa katikati ya donge hayana mlango. Wafinyanzi wa Kikisi kule Ziwa Nyasa huchoma vyungu kwa moto wa nyasi na kuni, mahali pa wazi, na vinatoka vizima: ni vyembamba na vimekauka. Mimi nilikuwa na donge, tena wakati wa masika. Kichwa cha ukubwa ule kinataka wiki tatu za kukauka taratibu ndani ya mfuko wa plastiki unaofunguliwa kidogo kidogo. Nilikuwa na siku nane. Nikaazima mashine ya kukaushia nywele, nikampuliza Babu jioni tatu kama bibi harusi. Juu akawa mweupe, mkavu kabisa. Kipimo ni kugusisha udongo shavuni mwako: ukiwa wa baridi, bado una maji. Nilikigusa kichwa shavuni, nikagusa kidevu, kikavu. Kofia sikuigusa. Nadhani nilijua.

Kazi mbichi hulazwa usiku kucha kwenye nyuzi 80 hivi, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Sisi tuliilaza saa mbili tu, foleni ilikuwa ndefu. Kisha tukapandisha. Kipimo kiliposoma 210, tanuri likasema PUU. Kimya. Halafu vikafuata vishindo vidogo vidogo, kama mtu anayedondosha vyombo kwa adabu. Mlinzi alikuja mbio na rungu, akaniuliza wamekimbilia wapi.

Huwezi kufungua, kazi za wenzako zimo. Likaendelea mpaka nyuzi 1,000, na mimi nimekaa mbele yake kama niko msibani. Kesho yake jioni, joto liliposhuka chini ya 100, tukafungua. Babu alikuwa kila mahali. Mwenzangu mmoja alikuta nusu ya ndevu ndani ya birika lake. Mimi nilikaa saa tatu na kibano nikitoa vipande kwenye nyaya za joto, kwa sababu kigae kikiachwa pale huzichoma na kuzikata.

Kilichosalia kizima ni sikio moja. Lilikuwa jembamba, lilikauka mpaka ndani, na kiungo cha uji kiliachia kabla kishindo hakijalifikia. Lilikuwa zuri, kusema kweli. Nikalitundika kwa msumari ukutani, usawa wa macho, chini nikaandika "Babu".

Siku ya maonyesho akaja kutoka Kisarawe, kanzu nyeupe, kofia ileile, Bibi nyuma yake na wazee wawili aliowaahidi kichwa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mchumba. Kichwa kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Akalitazama muda mrefu.

"La kulia hili, au la kushoto?"

"La kulia, Babu."

"Eti?"

Bibi akasogea, akainama mpaka midomo ikakaribia udongo, akapaza sauti ukumbi mzima ukageuka: "Mzee! Unga umekwisha!"

Akasubiri kidogo. Kisha akanigeukia.

"Umelipatia. Ndilo lenyewe."