Mzinga ukae wapi Rungwe?

Ukishuka kutoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu, makao makuu ya wilaya ya Rungwe, migomba, kahawa na miparachichi vinafika hadi ukutani mwa nyumba. Wataalamu wengi wa nyuki hushauri manzuki, yaani mahali pa kuweka mizinga, ikae walau mita 200 kutoka kwenye makazi, shule na njia za watu. Kwenye mapori ya Chunya ushauri huo haumsumbui mtu. Rungwe, mwenye nusu eka atazitoa wapi mita hizo?

Wanaotaka umbali huo uandikwe kwenye sheria ndogo za vijiji na uende na faini wana hoja nzito. Nyuki wetu ni wakali. Ukirina asali mchana bila moshi wa kutosha, kundi zima linatoka. Mtu atakimbia, lakini ng'ombe wa maziwa atakimbilia wapi? Huku kwetu wengi wanafugwa bandani, wamefungwa kamba, wanaletewa majani. Mfugaji nyuki anayesema nyuki hawana neno usipowachokoza, amfikirie kwanza huyo ng'ombe wa jirani.

Ila ukiisukuma mizinga yote porini, unaiondoa mahali inapohitajika kuliko kwingine. Tazama ua la parachichi, dogo, la kijanikijani. Linafunguka mara mbili. La parachichi la aina ya Hass linafunguka asubuhi tayari kupokea chavua, linafunga, kisha kesho yake mchana linafunguka tena likitoa chavua. Kwa hiyo chavua lazima ihamishwe kutoka ua hadi ua, na nyuki ni mhamishaji hodari. Mkulima anayelalamikia mzinga wa jirani huenda anakula matunda ya kazi yake.

Sheria ya Ufugaji Nyuki ipo tangu 2002. Halmashauri ya kijiji nayo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa idhini ya halmashauri ya wilaya, chini ya sheria ya mamlaka za wilaya ya 1982. Mlango uko wazi, basi tusiutumie kuandika namba moja ya mita tukaishia hapo. Mimi naona penye nafasi finyu, mizinga michache iruhusiwe kwa masharti: uzio mrefu wa miti ili nyuki waruke juu ya vichwa vya watu, maji karibu yao wasifuate ndoo za majirani, na kurina jioni baada ya kuwaarifu wenye mifugo.

Na hapa sitaki kumung'unya maneno: masharti yasimwangukie mfugaji nyuki peke yake. Anayepulizia sumu asubuhi, miparachichi ikiwa imechanua, anaua nyuki wa mwenzake, na mara nyingi hakuna anayemuuliza. Naye abanwe kwa sheria ndogo hiyohiyo: apulizie jioni nyuki wakiwa wamesharudi, na atoe taarifa siku moja kabla, ili mwenye mizinga apate muda wa kuiziba milango usiku na kuifungua sumu ikishakauka.